Mwalimu katuacha, hela ya kumuenzi iko kwenye akaunti yangu na usingizi umekata

Shikamoo shangazi,

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imenibidi maana nimekosa mtu wa kumwambia ambaye sio ndugu. Mimi ni mama wa miaka 41, nakaa hapa Dodoma mjini, Nkuhungu, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kongwa, miaka 33 shule ileile, mara mbili walitaka kumhamisha wazazi wakaenda kwa afisa elimu kumlilia akabaki. Alifariki mwaka jana mwezi wa nane, presha.

Msiba ulikuwa mkubwa hatukutegemea. Walikuja watu hatuwajui, wanajeshi, manesi, madereva wa malori, mmoja ana duka la vipuri Mwanza, kila mtu anasema Mwalimu ndo alinishika mkono. Baada ya arobaini wakafungua grupu la WhatsApp wakachanga milioni 14, wakasema tufanye kitu cha jina lake, wakanitumia mimi kwa sababu ndo mkubwa. Rambirambi baada ya kutoa gharama zote ilibaki milioni 6. Alafu mjomba akasimamia tukauza kiwanja cha baba cha pale Kibaigwa, milioni 22, tukasema nayo iingie humohumo ili kitu kiwe kikubwa. Jumla milioni 42, yote iliingia kwenye akaunti yangu ninayopokelea mshahara.

Hapo ndo usingizi ulipokata. Mdogo wangu wa tatu aliniomba milioni 3 akomboe bajaji yake, akasema mwezi wa pili anarudisha, mwezi wa pili umepita na simu siku hizi anapokea kwa kuchelewa. Kwenye grupu wameanza kuuliza kwa upole, "dada mkubwa tumefikia wapi", na mimi nikiona hiyo meseji tumbo linauma kabisa. Mjomba anasema kabla ya watoto wa watu tuanze na watoto wa ukoo, wapo hawana hata viatu vya shule. Mume wangu anasema jengeni darasa, muandike jina ukutani, muimalize habari. Mdogo wangu wa mwisho yuko Dar yeye anataka tusajili NGO yenye jina la baba, mimi niwe mkurugenzi, nembo ameshachora. Na wa pili yuko Marekani, Ohio, huyo anasema NGO msiguse, tafuteni faundesheni ya jamii mfungue mfuko ndani yake, anasema huko hata watu wa kawaida wanafanya hivyo na hela haiishi, inazaa tu.

Nikampata mtu wa faundesheni moja ya namna hiyo, nikaongea naye kwa simu nusu saa nzima. Akasema wanafungua mfuko wenye jina la baba, wao wanatunza na kuwekeza, wanakata asilimia kidogo ya uendeshaji, ila hela ikishaingia hairudi. Hapo kwenye hairudi nikaogopa shangazi, nikakata simu nikasema nitawapigia.

Lengo tumeshaandika kwenye karatasi: "kulipa ada za watoto wenye uhitaji". Sijui kama inatosha. Baba mwenyewe hakuwa mtu wa makaratasi, yeye kuanzia Januari mpaka mwezi wa tatu alikuwa anamwambia mama apike sufuria kubwa ya uji asubuhi, watoto wanaotoka vitongoji vya mbali wapite kwetu wanywe ndo waingie darasani, sisi tulikuwa tunanuna maana sukari yetu inaisha.

Mama yupo, ana miaka 68, anakaa kijijini. Tulipomwambia mpango wote alisema "fanyeni mnavyoona wanangu".

Naomba unisaidie nianzie wapi maana kila mtu ana lake na hela iko kwangu.

Binti wa Mwalimu, Nkuhungu


Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba, hata kama mwaka unakaribia najua bado mbichi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza habari ya mfuko na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu napenda sana unachotaka kufanya, ila kuna mambo mawili yanatangulia na usiyaruke.

La kwanza ni mama. "Fanyeni mnavyoona wanangu" sio kukubali huko. Hiyo ni kauli ya mjane ambaye watoto wamekuja na hesabu tayari zimeshapigwa, naye hataki kuonekana anagombania mali kaburi halijakauka. Hiyo milioni 22 ya kiwanja sio mchango wala rambirambi, ni mirathi. Ilikuwa mali ya baba yako, na mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio na mjomba hata awe na nia njema kiasi gani. Kwenye barua yako sijaona neno mahakama hata mara moja kwahiyo nahisi hamkwenda. Nendeni. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo mnacho, mpendekeze msimamizi, na mkifika mahakamani msifiche kwamba kiwanja kimeshauzwa, semeni muelekezwe namna ya kuliweka sawa, maana siku mmoja wenu akikasirika au aliyenunua akitaka kubadilisha hati, hapo ndo mtajua hamkumaliza. Alafu nenda kwa mama peke yako, bila mjomba, bila wadogo zako, lala hukohuko siku mbili. Muulize mwaka huu amelima kiasi gani, paa linavuja wapi, akiumwa usiku anapelekwa na nani na kwa hela ipi. Bima anayo? Sehemu yake itoke kwanza na aishike yeye. Baada ya hapo akisema kwa mdomo wake kwamba katika changu nataka kiasi fulani kiingie kwenye mfuko wa mume wangu, sawa, na hao wadogo zako kila mtu na sehemu yake hivyohivyo, aandike na asaini. Mpaka hilo liishe, wewe hesabu mfuko kuwa ni milioni 20: zile 14 za wanafunzi na 6 za rambirambi. Hata hizo 6 mama aambiwe tena vizuri zimeelekea wapi.

La pili ni akaunti. Hela ya watu wengi isilale kwenye akaunti ya mshahara wako hata wiki moja zaidi. Sisemi utaila, nasema leo ukipata ajali au benki ikikata mkopo wako humo, nani atajua ipi ya Mwalimu na ipi ya kwako? Fungueni akaunti ya pamoja ya watu watatu, wewe, mwanafunzi mmoja wa baba mnayemuamini na ndugu mmoja, isitoke shilingi bila saini mbili, na hizo mbili zisitoke nyumba moja. Ile milioni 3 usiifiche. Mdogo wako hakuiba, aliomba na wewe ukampa, kosa mmegawana, ila aliyechanga elfu kumi yake Mwanza hakuchangia bajaji. Kaeni naye bila kufokeana, aandike deni na tarehe, na kama hana kabisa basi ninyi wanne mtafute ijazwe kabla hela haijahama, yeye mumdai ninyi kama ndugu. Ikishakuwa deni la ndani ya familia hata yeye ataanza kupokea simu mapema.

Sasa tuje kwenye mfuko.

Mdogo wako wa Ohio anaongea kitu anachokiona kila siku, maana hukohuko Ohio ndo wazo lenyewe lilipozaliwa, mji wa Cleveland mwaka 1914. Kulikuwa na mwanabenki anaitwa Frederick Goff, kazi yake ilikuwa kutunza hela ambazo watu wameacha kwa wosia, na akagundua kitu kinachosikitisha: hela ipo benki, wenye shida wapo nje, lakini maneno ya marehemu yanazuia isitoke. Mfano wa nyakati hizo uliokuwa unasemwa sana ni wa bwana Bryan Mullanphy wa St. Louis, aliyefariki 1851 akaacha theluthi moja ya mali yake isaidie wasafiri maskini wanaopita pale St. Louis kwenda kuhamia magharibi. Kipindi hicho watu walikuwa wanasafiri na mikokoteni, wanakwama, wanaugua, kwahiyo lilikuwa jambo la maana kabisa. Alafu reli ikaja, wasafiri wa namna hiyo wakaisha, hela ikabaki inawasubiri. Tatizo hilo waliliita mkono wa marehemu, yani mtu keshazikwa ila mkono wake bado umeshikilia kufuli. Goff akasema tuweke nyumba moja, kila mtu aje na mfuko wake wenye jina lake na kusudi lake, hela iwekezwe kwa pamoja, na iwepo kamati ya watu wa mji huo yenye mamlaka ya kubadilisha matumizi siku kusudi la mwanzo likipitwa na wakati. Hiyo ndo faundesheni ya jamii. Kwa wenzetu Kenya ipo KCDF (Kenya Community Development Foundation), tangu 1997, na wanapokea mifuko ya wakfu ya namna hii. Usichanganye na TASAF wala mifuko ya hifadhi ya jamii kama NSSF, nimeona watu wanachanganya kwa sababu ya hilo neno mfuko wa jamii, vile ni vitu vingine kabisa.

Na usidhani habari ya Mullanphy ni ya wazungu wa zamani tu. Soma tena karatasi yenu: "kulipa ada". Mwanangu, ada ipi? Sekondari za serikali za kutwa zilikuwa zinatoza elfu 20 kwa mwaka na za bweni elfu 70, ikafutwa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne, alafu 2022 ikafutwa na kidato cha tano na sita. Kama baba yako angefariki 2012 mkaandika neno hilohilo, ndani ya miaka minne mfuko ungebaki na hela na usiwe na wa kumlipia kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali, na watoto walewale wanaendelea kwenda shule bila daftari na bila kula. Mngekuwa mmemfunga Mwalimu mkono wenyewe.

Wewe mwenyewe kusudi umeshaliandika ila umeliweka mwishoni kama kitu cha kupita. Uji! Miaka 33 mtu anafanya kitu kimoja kila Januari, na ninyi mnatafuta lengo la kuandika. Wewe ni wa hukuhuku kwetu, unajua mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba zinakata Aprili, mavuno yanaingia kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, kwahiyo shule zinapofungua Januari ndo ghala linakuwa tupu, baba na mama wako shambani wanapalilia, mtoto anatembea kilomita kadhaa na tumbo lina maji tu. Mpaka machi hivi. Baba yako hakusoma hilo popote, aliona mtoto anasinzia saa nne asubuhi akajua hajala. Andikeni hivyo basi: kwanza chakula cha asubuhi kwa wanafunzi wa shule hiyo kwenye miezi ya njaa, na pale itakapokuwa haihitajiki tena, chochote kinachomuwezesha mtoto wa kata hiyo kukaa darasani akiwa na nguvu ya kusoma. Sentensi ya kwanza inamtaja Mwalimu, ya pili inawaachia nafasi wajukuu zenu.

Kuhusu NGO, namuelewa mdogo wako wa Dar, ana uchungu na uchungu wake unataka kibao mlangoni. Ila NGO ni kazi ya maisha. Inasajiliwa kwa Msajili wa NGOs, ofisi ziko hapahapa Dodoma, inataka katiba, wajumbe, ada ya kila mwaka, ripoti za kila mwaka za kazi na za fedha, na usipopeleka unaandikiwa barua. Njia nyingine ni kusajili bodi yenu ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hiyo inawapa uhai wa kisheria wa kumiliki mali kwa jina la wadhamini, nayo ni nzuri lakini bado bodi itatakiwa ikutane na iandike na isimamie, miaka na miaka. Mimi nimekaa bodi ya mfuko mdogo wa kusaidia wagonjwa miaka tisa, tulianza saba, mwaka wa tano tukawa tunakutana watatu, na hao watatu mmoja alikuwa anakuja kwa kuniheshimu mimi tu. Hela zetu zilikuwa kama hizo zenu. Nauli, mkaguzi wa hesabu, chai ya kikao, pango, vilikula kilichotakiwa kwenda kwa wagonjwa, na hakuna aliyeiba hata mia. Naumia mpaka leo. Kwa milioni 20 au hata 40 usifungue ofisi, ingia kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, hiyo asilimia yao ya uendeshaji ikiwa ndogo kweli kama walivyokuambia, haifikii gharama za ofisi yenu wenyewe.

Na darasa la mume wako? Sio wazo baya, ila darasa linajengwa mara moja na serikali nayo inajenga, uji hakuna anayeujenga.

Hesabu nakupigia ili usitarajie makubwa. Tuseme mfuko una milioni 20 na umewekezwa kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, yani mnaikopesha serikali kwa riba, au vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na tuseme, kwa mfano tu, unazaa asilimia 10 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 2. Usitumie yote mwanangu, hapo ndo wengi wanaharibu. Bei zinapanda kila mwaka, kwahiyo nusu irudi ndani ili mtaji usinyauke, nusu nyingine ndo itoke, milioni 1 kwa mwaka. Utasema mbona kidogo. Ni kidogo kweli, lakini ni kila mwaka, mwaka huu na mwaka ambao mimi sitakuwepo. Hatifungani zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, kwahiyo mnaweza kuomba faundesheni wapange hela ya kwenu itoke mwezi wa saba, mkanunue mahindi na uwele na karanga hapo Kibaigwa mavuno yakiwa yamejaa na bei iko chini, muweke stoo ya shule kwa dawa ya kuzuia dumuzi, ipikwe Januari wakati gunia hilohilo halishikiki. Hapo milioni 1 inafanya kazi kubwa kuliko jina lake. Na wale wanafunzi wa baba kwenye grupu wakiona uji umepikwa kweli hawataacha kuchangia, mfuko wa namna hii haufungwi mdomo, mtu anaweza kuongeza elfu tano yake siku ya kumbukumbu.

Sasa kwenye kile ulichokiogopa. Hela hairudi, ndiyo, na ndo inavyotakiwa. Ingekuwa inarudi ingekuwa bado yenu, na ikiwa yenu mjomba ataiomba, bajaji nyingine itaharibika, na wewe utabaki kukosa usingizi mpaka uzeeni. Kutoka mikononi mwako ndo kupona kwako. Mnachobaki nacho ni jina la mfuko, kusudi mliloandika, na haki ya kupendekeza kila mwaka hela ya kutoka iende wapi, wao wanakagua kama inalingana na kusudi na sheria kisha wanalipa. Kupendekeza sio kuamuru, hilo likubalini mapema msigombane nao baadaye.

Ila kwa sababu hairudi, ndo uulize kabla, tena uende na mwanafunzi wa baba anayejua mambo ya hesabu, msiende kwa simu. Waombe cheti chao cha usajili ukakihakiki kwa waliokitoa. Waombe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu iliyopita, na wakianza kujizungusha hapo ondokeni tu, msiwaonee aibu. Waulize mfuko wenu utakuwa na daftari lake au utamwagwa kwenye sufuria moja na mtapata taarifa ya salio mara ngapi kwa mwaka. Hiyo asilimia ya uendeshaji inakatwa kwenye mtaji au kwenye kilichozaa? Huko Marekani ada hiyo mara nyingi iko kwenye asilimia 1 hadi 2 ya mfuko, kwahiyo ukitajiwa 10 ya mtaji kila mwaka ujue hela yenu inakwenda kulisha ofisi. Kiwango cha chini cha kufungulia ni kiasi gani, nani ana mamlaka ya kubadilisha kusudi na lazima awashirikishe akina nani. Na swali ambalo watu wanaona haya kuuliza: siku faundesheni yenyewe ikifa, mfuko wa Mwalimu unaenda wapi? Hilo jibu liwe kwenye mkataba, sio mdomoni.

Wa Ohio naye mwambie mapema, akitaka kuchangia kubwa, kule kwao mtu binafsi akituma moja kwa moja kwa taasisi ya nje kwa kawaida hapati nafuu ya kodi, lakini zipo faundesheni za kwao zinazopokea kisha zikapeleka nje, aulize hapohapo alipo.

Kamati ya kupendekeza iwe ya watu watano: wawili wa familia, wawili wa wanafunzi wake, mmoja wa kijijini, mama mwenye mtoto shuleni ingependeza. Mwalimu mkuu asiwe mjumbe maana yeye ndo anapokea, aje kutoa taarifa tu. Na uji uingie kwenye sufuria ya shule nzima, msiite majina ya watoto maskini mstarini kuja kunywa, msiwapige picha na vikombe mkatupie mtandaoni. Kwa baba yako walipita nyumbani kimyakimya hakuna aliyejua nani hajala, heshima hiyo muilinde.

Mjomba msimpuuze. Watoto wa ukoo wasio na viatu ni wenu kweli, na hilo ni jukumu la ukoo, kwahiyo muanzishe kibubu cha ukoo pembeni, kila mwenye kazi atoe kiasi kwa mwezi, na mjomba mumpe heshima ya kukisimamia kwa daftari. Hela ya watu baki walioichanga kwa ajili ya jina la Mwalimu isivae miguu ya ndugu zake. Mwambie wewe, kwa adabu, umpigie magoti kabisa, lakini usilainike.

Usiku huu kabla hujalala andika kwenye grupu, usisubiri mambo yakae sawa. Andika hivi: "Ndugu zangu, mchango wenu wa milioni 14 upo. Ulikuwa kwenye akaunti yangu binafsi, wiki hii tunaufungulia akaunti ya pamoja yenye saini mbili, naomba mmoja wenu ajitolee kuwa mtia saini. Kiasi cha milioni 3 cha hela tuliyoitunza kilikopeshwa ndani ya familia, ni kosa langu, kinarudishwa kabla ya tarehe fulani na nitawatumia taarifa ya benki. Tunaangalia kufungua mfuko wa kudumu wa uji wa shule kwa jina la Mwalimu, maoni yenu tafadhali." Wapo watakaonuna. Wengi watashukuru, na yule wa vipuri wa Mwanza nina hakika atasema mimi nilikunywa huo uji.

Jumamosi nenda kwa mama. Na rasimu ya mkataba wa faundesheni ikija msisaini papo hapo, nitumie kile kipengele cha kubadilisha kusudi na kile cha faundesheni kufungwa, tuvisome pamoja.

Shangazi